Ukungu wa Hedlaiti: Historia ya Taa za Gari Kati ya Busia na Tororo

Gari lililotumika Japani likishushwa melini Mombasa huwa bado lina safari ya zaidi ya kilomita 900 kabla halijafika Malaba. Linapita Voi, Nairobi, Nakuru, Eldoret na Bungoma, kisha linaingia Uganda na kuelekea Tororo, Mbale au Kampala. Mengine huvukia Busia, upande wa kusini. Kwa zaidi ya miaka 30 Toyota, Nissan na Subaru zimepita njia hii kwa maelfu, na mpakani wapo watu wanaoishi kwa kuzihudumia: waosha magari, mawakala wa forodha, mama lishe, mafundi wa tairi. Miongoni mwao yumo fundi mwenye ndoo ya maji, vipande vya msasa na kopo la klia, ile vanishi angavu ya wapiga rangi. Kazi yake ni kurudisha uangavu wa taa za mbele zilizogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Fundi huyo hakuwapo mwaka 1975. Si kwamba magari makuukuu hayakuwapo; yalikuwa tele, na mengi yalichakaa kuliko haya ya leo. Taa zake zilivunjika, ziliingia kutu, ziliungua. Hazikuota ukungu. Maradhi haya yana mwaka wake wa kuzaliwa na nchi yake ya asili iliyo mbali mno na Malaba, na yana dawa ambayo watu wengi huitumia nusu. Nusu inayosahaulika ndiyo yenye kazi, na anayetaka kujua kwa nini hana budi kurudi nyuma kidogo, enzi ambazo taa ya gari ilikuwa moto wa kweli.

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari mengi ya Ulaya na Marekani yalimulika kwa gesi ya asetilini. Vipande vya kabaidi vilitiwa ndani ya chombo, maji yakadondoka juu yake tone kwa tone, gesi ikatoka na kuwaka mbele ya kiakisi. Mwenye gari alifuta masizi, akamwaga tope jeupe la chokaa lililobaki, akatia kabaidi mpya. Mwaka 1912 Cadillac iliuza gari lenye mfumo kamili wa umeme, wa kuwashia injini na wa taa, na baada ya miaka si mingi gesi ikaanza kuondoka barabarani. Gereji haikuondoka. Hadi leo mafundi wa jua kali wa Kenya na Uganda wanaounga bodi hutia kabaidi na maji ndani ya mtungi ili wapate asetilini ile ile. Kitu kilichomulikia magari ya mwaka 1905 sasa kinaziba matundu ya kutu kwenye magari ya mwaka 2005, na hakuna anayekionea ajabu.

Tororo ilijua magari mapema kwa sababu ilikuwa njia panda. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 inapita hapo, na tawi la kwenda Mbale na Soroti linaanzia hapo. Miaka ya 1950 ikaja saruji, kiwanda kikajengwa mjini humo karibu na ule mwamba mkubwa unaoonekana hata ukiwa Malaba. Malori ya kubeba saruji, pamba na kahawa yalikuwa ya Kiingereza kwa sehemu kubwa, na taa za Waingereza zilitoka kwa Joseph Lucas wa Birmingham. Kampuni hiyo ilijipatia jina kwa taa za baiskeli. Ile iliyoitwa King of the Road ilitoka mwaka 1879. Waingereza wenyewe walizitania taa za Lucas kwa tabia yake ya kuzimika bila taarifa, wakampa mwenye kampuni cheo cha mwana wa mfalme wa giza. Mzaha huo ulisafiri pamoja na malori.

Adui wa taa za enzi hizo alikuwa jiwe. Barabara za murram zilirusha kokoto, na kioo hakikuwa na la kusema. Land Rover ya kwanza kabisa, ya mwaka 1948, iliwekewa taa zake nyuma ya wavu wa grili. Baadaye taa zilitolewa nje ya wavu huo, na wenye magari wakajitengenezea wavu wao wa waya.

Marekani ilichukua njia nyingine. Kuanzia magari ya mwaka 1940 iliamua kwamba taa ya mbele iwe kitu kimoja kilichozibwa: kioo, kiakisi na uzi wa kuwaka vyote ndani ya chupa moja ya duara yenye kipenyo cha inchi 7. Ikiungua inang'olewa yote na kutupwa. Inaonekana ni ubadhirifu, lakini faida yake ilikuwa kubwa. Vumbi halikuingia, maji hayakuingia, kiakisi hakikushika kutu, na duka dogo la spea liliweza kuhudumia magari ya makampuni mengi kwa kuweka sanduku la taa za aina moja. Taa ya duara ya inchi 7 ikawa kipimo kilichojulikana pande nyingi za dunia, hata kwenye Land Rover na Land Cruiser. Katika historia yote ya hedlaiti huenda hakuna kitu kilichomfaa fundi wa barabarani kuliko duara lile.

Mashindano ya Safari Rally yaliianika dhiki ya kioo mbele ya umma. Yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana, kwenye tope na vumbi. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na miaka yote miwili ushindi ulikwenda kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Wavu wa chuma mbele ya taa na safu ya taa za ziada juu ya bampa vikawa sura ya gari la safari, na madereva wa kawaida wakaiga. Peugeot 404 na baadaye 504 zikawa gari la masafa marefu la Afrika Mashariki. 504 ilishinda Safari mwaka 1975 na 1978, na ile ya stesheni wagoni ilibeba abiria hadi vijiji vya mpakani. Taa zake zilikuwa za kioo. Leo hii ukiikuta 504 imeegeshwa chini ya mwembe, bodi imeoza, viti vimekuwa makao ya kuku, kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha kuirudishia macho yake.

Wakati 504 ikivuma upande wa Kenya, upande wa Uganda spea zilikuwa zikiyeyuka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na pamoja nao waliondoka watu waliokuwa wakiagiza na kusambaza karibu kila kitu, kuanzia sabuni hadi balbu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Biashara haikufa, ilihamia porini. Busia na Malaba zikawa milango ya magendo. Baada ya baridi kali kuharibu kahawa ya Brazili Julai 1975 na bei ya dunia kuruka, kahawa ya Uganda ilivushwa usiku kwa magunia, na kisoko cha Chepkube chini ya Mlima Elgon kikapata umaarufu ambao hakijaupata tena. Kazi ya namna ile, ni lazima kusema, haikuhitaji taa kali.

Miaka hiyo hiyo baiskeli za mpakani zilikuwa zikibeba watu na mizigo kati ya kituo cha forodha cha nchi moja na cha nchi ya pili, mwanzo wa boda boda inayojulikana leo. Desemba 1987 wanajeshi wa Kenya na Uganda walirushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa kwa muda. Watu wa eneo hilo, Wateso, Wasamia, Wabukusu, Wajopadhola, wana ndugu pande zote mbili za mstari uliochorwa na wakoloni. Walisubiri, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Na mahali pengine, watu wasioijua Busia hata kwa jina walikuwa wamekwisha kubadilisha taa.

Mwaka 1953, mwaka ule ule wa Safari ya kwanza, mkemia Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer ya Ujerumani alitengeneza plastiki iitwayo polikaboneti. Daniel Fox wa General Electric ya Marekani aliifikia karibu wakati huo huo, bila wawili hao kushirikiana. Ni plastiki angavu, uzito wake ni nusu ya uzito wa kioo, na ukiipiga nyundo inakataa kuvunjika. Hakuna aliyeiwazia taa za gari wakati huo.

Kilichoileta kwenye taa ni bei ya mafuta. Msukosuko wa Oktoba 1973 uliumiza kila nchi, na mwaka 1975 Marekani ilitunga sheria ya kuyalazimisha makampuni yapunguze ulaji wa mafuta wa magari yao. Wahandisi wakaanza kulainisha pua ya gari ili ipasue upepo, wakakuta taa za kioo zilizozibwa, za vipimo maalumu, zimesimama wima mbele yao, na sheria haikuruhusu za umbo jingine. Mwaka 1981 Ford iliomba ruhusa ya kutumia taa yenye umbo lolote na balbu inayobadilishwa. Serikali ilikubali mwaka 1983, na Lincoln Continental Mark VII, modeli ya 1984, ikawa gari la kwanza la Kimarekani kuuzwa na taa hizo tangu sheria ya taa zilizozibwa ianze. Ulaya ilikuwa imezoea balbu za kubadilishwa kwa muda mrefu, H1 tangu mwaka 1962 na H4 tangu 1971, lakini mbele ya balbu iliweka kioo. Plastiki iliikubali miaka ya 1990. Wajapani nao waligeuka katika miaka hiyo hiyo.

Polikaboneti ina udhaifu mmoja unaojulikana tangu mwanzo. Haivunjiki, lakini hukwaruzika kwa urahisi, na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ya urujuanimno, hukata minyororo ya molekuli zake. Sehemu iliyokatwa huungana na oksijeni ya hewa na kugeuka manjano. Kwa hiyo kiwandani kila kifuniko cha taa hupakwa ngozi ngumu ya kinga, nyembamba kuliko unywele, inayozuia miale hiyo na kustahimili mikwaruzo. Mtu anapotazama hedlaiti mpya haioni ngozi hiyo kabisa, ingawa ndiyo inayoifanya hedlaiti iwe hedlaiti. Bila ngozi, kilichobaki ni kipande cha plastiki kinachosubiri jua.

Ngozi haidumu milele. Jua huila, mchanga huichimba, maji ya sabuni kali huilegeza, nayo huanza kubanduka, mara nyingi upande wa juu wa taa unaotazama mbingu. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 na AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ulionyesha kwamba kuchakaa kunaweza kuanza kati ya mwaka wa tatu na wa tano, na kwamba taa iliyofifia sana, ikiwa imewashwa dimu, hutoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Mwanga mwingi uliobaki unatawanyika. Badala ya kwenda mbele unakwenda juu na pembeni, ukamchoma macho anayekuja na kumwacha dereva mwenyewe gizani.

Hapo ndipo kalenda ya Japani inapokutana na ya Afrika Mashariki. Japani, gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi na matengenezo zikipanda wengi huona heri kuliuza. Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8. Uganda ilikuwa huru zaidi hadi sheria ya mwaka 2018 ilipozuia yaliyofikisha miaka 15. Kwa hesabu hiyo, gari linaloingia Kenya likiwa bado linaitwa jipya na majirani wote limekwisha kupita umri ambao ngozi ya taa huanza kuchoka, na linaloingia Uganda laweza kuwa limepita mara tatu. Kisha linaanza maisha yake ya pili, ambayo hapa huwa marefu kuliko ya kwanza.

Na yanakuwa maisha ya juani. Tororo iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Busia imeikaribia ikweta zaidi. Jua la utosini halina msimu wa kupumzika. Ongeza vumbi la murram, moshi wa malori na unga wa saruji, kisha ongeza tabia ya kufuta taa kwa kitambaa kikavu asubuhi, na ngozi iliyokuwa na miaka miwili ya kuishi inabaki na miezi.

Mashirika ya viwango ya nchi zote mbili, KEBS na UNBS, yanataka magari yaliyotumika yakaguliwe huko yanakotoka kabla ya kupakiwa. Ukaguzi unauliza kama taa inawaka na inaelekea inakopaswa kuelekea. Taa iliyong'arishwa vizuri siku chache kabla ya ukaguzi itafaulu bila tabu, nayo itaanza kufifia tena bahari ikiwa nyuma yake.

Dawa ya kwanza ambayo watu waliijaribu ilitoka bafuni. Dawa ya meno ina chembe laini za kusugulia, silika au chokaa, na chembe hizo husugua plastiki kama zinavyosugua jino. Weka kidogo kwenye kitambaa chenye unyevu, zungusha kwa dakika kadhaa, suuza: taa inang'aa na mwenye gari anaita watoto waje waone. Hakuna uongo hapo. Kilichoondoka ni utando wa juu ulioungua, na pamoja nao mabaki ya ngozi ya kinga yaliyokuwa yameshikilia. Kinachotazamana na jua sasa ni plastiki tupu. Baada ya wiki kadhaa umanjano unarudi, na safari hii unaenea kila mahali, hata pale ambapo mwanzo palikuwa salama.

Njia nyingine ni za haraka zaidi na mbaya zaidi. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, ile yenye DEET, hulainisha uso wa polikaboneti. Mikwaruzo inajazwa na plastiki yenyewe iliyoyeyuka na taa inaonekana mpya kwa muda mfupi. Ikidondokea rangi ya bodi, huiharibu. Petroli, inayopatikana kila mahali penye gari, hutengeneza nyufa ndogo ndogo ndani ya plastiki ambazo hakuna msasa utakaozifikia. Thina kali ni hivyo hivyo. Mafundi wanaojua kazi hawaigusishi taa chochote cha aina hii, ingawa chupa ya petroli iko hatua mbili tu kutoka walipo.

Ufundi wenyewe umetoka kwa wapiga rangi. Wao ndio waliokuwa na msasa wa maji, kampaundi na klia tangu zamani, kwa kazi ya bodi, na wao ndio walioona kwamba taa ni bodi nyingine tu inayopitisha mwanga. Kwanza taa huoshwa kwa sabuni na kukaushwa, na bodi inayoizunguka hubandikwa selotepu ya karatasi, kwa sababu msasa ukiteleza mara moja unaacha alama kwenye boneti itakayozua ugomvi. Kisha msasa namba 400 au 600 huloweshwa na kusuguliwa kwa mkono mpana, upande mmoja kwanza, kutoka kulia kwenda kushoto. Maji yanayotiririka mwanzoni huwa ya manjano mazito. Hiyo ni ngozi ya zamani ikiondoka, na fundi asiye na subira huishia hapa, ikiwa imebaki viraka. Fundi mwenye subira huendelea mpaka maji yawe meupe na taa yote iwe na ukungu mmoja wa sawasawa, jambo linalomtia hofu mwenye gari, kwa maana wakati huo taa inaonekana mbaya kuliko ilivyoletwa.

Halafu namba hupanda: 1000, 1500, 2000, na mwenye nazo huenda hadi 3000. Kila namba husuguliwa kwa kukatiza mwelekeo wa namba iliyotangulia, ili mikwaruzo ya zamani ionekane na ifutike. Maji hayakauki wakati wowote. Msasa mkavu hupasha plastiki moto na kuibabua. Baada ya hapo kampaundi hupakwa na kung'arishwa kwa kitambaa laini au kwa drili yenye sponji. Uangavu unarudi. Ni dakika ya furaha, na wengi humlipa fundi hapo hapo na kuondoka.

Wanaondoka na nusu ya kazi.

Nusu ya pili haina maonyesho. Taa hufutwa kwa spiriti ili mafuta ya kampaundi na ya vidole yatoke, kisha hupigwa klia yenye kinga ya jua, ile ya kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), kwa bunduki ya kompresa au kwa kopo la kupuliza. Mpako wa kwanza hupigwa mwepesi sana na kuachwa ukauke, kwani thina iliyomo ndani ya klia ikija kwa wingi huingia kwenye plastiki na kuipasua. Mipako miwili ya kulowesha hufuata. Inatakiwa sehemu isiyo na vumbi, na kando ya barabara ya malori hiyo ina maana ya asubuhi mapema, nyuma ya ukuta. Hadina ina kemikali zinazodhuru mapafu, hivyo kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Inahitajika barakoa ya wapiga rangi na hewa ya wazi. Kwa anayefanya kazi hii nyumbani, huu ndio mstari wa kuamua: kusugua anaweza uani mwake jioni yoyote kwa gharama ya karatasi chache za msasa, kupaka ni heri ampelekee mpiga rangi kama hana vifaa. Asichoweza kufanya ni kusugua leo na kupaka mwezi ujao.

Kwa nini nusu hii huachwa? Sababu moja ni fedha, kwa kuwa klia nzuri na hadina yake hugharimu kuliko vingine vyote kwa pamoja. Nyingine ni kwamba haionekani. Taa iliyong'arishwa bila klia na iliyopakwa klia zinafanana siku ya kwanza, na gari la transiti siku ya pili liko Mbale. Fundi hatalaumiwa. Katika miji isiyo ya mpakani, mteja hurudi na malalamiko yake. Mpakani wateja ni wapita njia, na ubora wa kazi hutegemea sana kama fundi ana wateja wa mtaani au wa foleni tu. AAA walipima taa zilizorekebishwa na wakakuta zinarudi kwenye asilimia 70 hivi ya mwanga wa taa mpya. Si ndogo. Lakini kipimo hicho ni cha siku ya kazi. Miaka inayofuata ni shauri la ile ngozi.

Usiku wa barabara hii si usiku wa mzaha. Alfajiri ya 31 Desemba 2017 basi lililotoka Busia kwenda Nairobi liligongana na lori huko Migaa, kati ya Eldoret na Nakuru, na watu 36 wakafa. Mamlaka ya usafiri ya Kenya, NTSA, ikapiga marufuku mabasi na matatu za masafa marefu kusafiri usiku, amri iliyokuja kulegezwa baadaye. Ajali za usiku zina sababu nyingi, uchovu na mwendo kasi zikiwa mbele. Hata hivyo inashangaza kwamba hatua za serikali kuhusu usiku huwa ni za kufunga barabara, na mara chache ni za kupima mwanga. Askari wa trafiki atasimamisha gari lenye balbu iliyoungua. Gari lenye taa mbili zinazowaka nyuma ya utando wa manjano litapita kituo chochote kati ya Webuye na Malaba.

Madereva wengi hujitibu kwa kuongeza moto. Taa iliyobuniwa kwa H4 ya wati 60 na 55 hutiwa balbu ya wati 100, au LED nyeupe ya kununua barabarani. Kama kifuniko kina ukungu, mwanga wa ziada hutawanyika ule ule, na wanaoupokea ni wenye boda boda wanaokuja upande wa pili. Balbu ya wati 100 ina hasara nyingine: joto lake huunguza kiakisi kwa ndani, na ukungu wa ndani hautibiki kwa msasa wa nje. Wapo wanaothubutu kuipasha taa moto hadi gundi yake ilainike, kuifungua, kuisafisha na kuiziba upya. Wachache hufaulu kuiziba isiingie maji ya mvua.

Wengine huamua kununua nyingine. Taa zilizong'olewa kwenye magari yaliyokatwakatwa huuzwa Kirinyaga Road jijini Nairobi na Kisekka Market jijini Kampala, na kando yake zinauzwa mpya za kuiga kutoka Asia. Ya kuiga hung'aa dukani, ila nyingine ngozi yake ni hafifu kuliko ya kiwandani na huchoka kabla ya ile kuukuu iliyopakwa klia vizuri. Mpaka wenyewe nao umebadilika. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Busia na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018, magari huvuka kwa kusimama mara moja badala ya mbili, na muda ambao dereva alikuwa akiutumia kumsubiri fundi akiwa foleni umepungua. Kazi imesogea kutoka lango la forodha kwenda gereji za ndani ya mji, kwa wenye magari wanaoishi hapo hapo.

Magari yanayoanza kuingia sasa yana taa za LED zilizounganishwa na kompyuta ya gari, balbu haitolewi, na taa nzima ikifa bei yake inaweza kumfanya mtu afikirie kuuza gari. Kifuniko chake bado ni polikaboneti ile ile ya Schnell na Fox, na kwa kuwa kitu kilicho nyuma yake kimekuwa ghali, msasa na klia vina soko zuri kuliko zamani. Kwenye pikipiki mambo ni kinyume. Tangu Kenya iondoe kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, zimechukua nafasi ya baiskeli mpakani karibu kabisa. Kifuniko cha taa yake ni cha plastiki pia, kinakwaruzika na kufifia vile vile, lakini spea yake ni rahisi na inauzwa kila kona ya Busia. Hakuna fundi anayepoteza asubuhi yake kuisugua. Hufunguliwa skrubu, hutupwa, na mpya huwekwa mteja akiwa bado amekaa juu ya siti.